Boke na nyaya mbili za Issenye

Asubuhi imeshakomaa katika Kata ya Issenye, wilayani Serengeti, na wingu zito la vuli limejikusanya juu ya mashamba. Chini kabisa ya shimo ambalo wanakijiji wanataka liwe lambo la ng'ombe, ekskaveta ya njano imesimama, mkono wake umeganda hewani. Injini inanguruma, lakini mkono hausogei.

Boke Kisyeri anashuka ukingo wa shimo taratibu, begi la vifaa begani. Anapanda hadi kwenye kibanda cha opereta, anasoma kwenye kioo kwamba hakuna mawasiliano, kisha anazima injini.

"Mvua ikinyesha, shimo hili linajaa na mtambo unazama nalo," anasema Bernadetha Mniko, mwenyekiti wa kamati ya maji ya kijiji, akiwa amesimama juu ukingoni. "Tumeliomba lambo hili miaka mingi. Ng'ombe wetu wanatembea nusu siku kufuata maji."

Mkandarasi wa lambo alikuwa ameshaulizia kompyuta mpya ya mtambo Dar es Salaam, akaambiwa asubiri wiki kadhaa. Ndipo mtu mmoja akamtajia fundi wa Turwa, mjini Tarime.

Boke, mwenye umri wa miaka 41, ni fundi wa umeme wa mitambo mizito. Anaeleza kwamba ekskaveta za siku hizi haziendi kwa nguvu ya mafuta ya haidroliki pekee. Ipo kompyuta ya injini, ipo ya pampu, na kipo kioo cha opereta. Vyote hupeana habari kupitia nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Habari zisipofika, mtambo unagoma.

"Watu wanadhani kompyuta imekufa," anasema. "Mara nyingi ni nzima. Haisikii wenzake tu."

Kazi hiyo aliianza akiwa na mumewe, Method, aliyekutana naye chuo cha ufundi. Kwa miaka mingi walizunguka pamoja kwenye machimbo ya Nyamongo, Method akishughulika na pampu na mipira ya mafuta, yeye na umeme. Hitilafu iliyowasumbua kuliko zote ni ile inayokuja na kuondoka. Hiyo inataka watu wawili: mmoja atikise nyaya, mwingine asiondoe macho kwenye mita.

"Yeye chini ya mtambo, mimi kwenye kibanda. 'Sasa?' 'Bado.' 'Sasa?' 'Hapo, usiachie!' Mchana mzima maneno ni hayo tu," anakumbuka Boke. "Sikujua kwamba hayo ndiyo yalikuwa maongezi yetu."

Miaka sita iliyopita Method aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, akirudi kutoka Nyamongo. Hakufika hospitali. Boke akabaki na binti yao, Nice, ambaye sasa yuko shule ya bweni.

Tangu hapo amejifunza kuifanya kazi ya watu wawili peke yake. Hufunga kamba kwenye nyaya, akakaa kwenye kibanda, akawa anaivuta huku akiitazama mita. Kamba haina akili ya mkono. Kazi iliyokuwa ya mchana mmoja sasa humla siku mbili, tatu.

"Naweza kushinda mtamboni kutwa nisifungue mdomo. Jioni nikipokea simu, sauti inatoka ikikwaruza, mtu ananiuliza kama naumwa."

Anasema machimboni wanaume wanamheshimu. Wanamsalimia, wanamwita fundi, kisha wanaenda kukaa kivulini. "Hawanichukii. Hawana cha kuniuliza tu. Na nikiipata hitilafu, ile furaha sina wa kumpa. Nikimpigia Nice ananiambia, 'Hongera mama,' halafu ananiuliza habari za likizo."

Siku hiyo Issenye, Boke aliunganisha mita kwenye zile nyaya mbili. Kila mwisho wa nyaya una kizuizi kidogo cha umeme, na vyote viwili vikiwa vimeshika, mita husoma sitini. Ilisoma sitini. Akaipiga sakafu ya kibanda teke. Namba ikaruka hadi mia moja na ishirini, ikarudi. Kumbe mahali fulani upande mmoja ulikuwa unakatika na kushika tena.

Akatoa kamba. Haikufika chini ya kibanda, mahali nyaya zilipopita.

Opereta wa mtambo, Revocatus, mwanamume wa miaka 54, alikuwa ameketi juu ya mnyororo wa ekskaveta akimwangalia.

"Mama, hiyo kamba unaifungia nini?" akauliza.

Boke akamweleza. Revocatus akavua koti, akajipenyeza chini ya kibanda.

"Nianzie wapi?"

"Huku mbele, mzee. Taratibu. Ukishika mahali, niambie."

"Nimeshika."

"Bado."

"Na hapa?"

"Bado."

"Hapa penye chuma?"

Namba ikaruka. "Hapo! Hapo hapo mzee, usiachie!"

Revocatus akashikilia. Akauliza kama aachie. Akauliza tena.

"Nilikuwa namsikia Method," anasema Boke. "Nikamwacha yule mzee wa watu amelala kwenye tope, ameshika waya."

Kibanio kilichozishikilia nyaya kilikuwa kimedondoka, nyaya zikawa zinasuguana na chuma. Kwa nje waya ulionekana mzima, ndani umekatika. Boke aliukata, akauunga kwa risasi iliyoyeyushwa, akaufunga mbali na chuma. Injini ilipowaka, mkono ukashuka, na Revocatus akautoa mtambo shimoni huku vijana wakipiga miluzi. Mvua ilinyesha jioni. Kesho yake ng'ombe wa Issenye walikunywa maji kwenye lambo ambalo halijaisha.

Kabla Boke hajaondoka, Revocatus alimfuata. Mgongo wake umechoka kukaa kwenye kiti cha mtambo, na daktari amemwambia aache. Akaomba afundishwe.

"Nikamwambia, mzee, kazi hii inataka macho," anasema Boke, akicheka. "Akanijibu, 'Macho unayo wewe. Mimi nina mikono.'"

Nyumbani kwake Turwa, Boke ameanza kusafisha banda la uani. Anataka liwe karakana ndogo, na ameapa kwamba hatapokea tena kazi ya kwenda peke yake. Juzi Revocatus alimpigia kuuliza kwa nini mita isome sitini na si namba nyingine. Walizungumza hadi simu ya Boke ikaisha chaji.

"Anakuja Jumamosi na basi la asubuhi," anasema, akiinua ufagio. "Nimemwambia asipitie hotelini. Nitapika."