Siku Nilipokuwa Jeni

Msinicheke kabla sijamaliza, nafasi mtaipata. Nafundisha biolojia sekondari, na siku ya wazazi kule Getanuwas nilijitia kuwaeleza wafugaji jinsi kansa inavyoanza. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, na mwenye simu ya mkononi pale nilikuwa mimi tu, nimeining'iniza kiunoni kama sime.

Nikaazima mbuzi, nikawafunga vitambaa, kila rangi mbuzi wawili. Hao, nikasema, ndio kromosomu. Mazizi haya mawili ndiyo seli mpya: seli ikigawanyika, kila zizi lipate mbuzi mmoja wa kila rangi. Langoni husimama jeni mlinzi, asiyefungua mpaka mgawo uwe sawa. "Na jeni huyo," nikajipiga kifua, "ni mimi!"

Simu ikalia. Ningeweza kuizima, lakini wageni wangejuaje kwamba napigiwa? Nikapanda kichuguu ili mtandao usikatike, nikapaza sauti kama naongea na waziri. Alikuwa shemeji wa Dongobesh, anauliza kama nitakuja kuvuna vitunguu saumu.

Niliporudi sikutazama nyuma. "Mlinzi akiharibika," nikaendelea, "seli moja hupata kromosomu nyingi, nyingine chache, na kila zikigawanyika tena mambo huzidi kuvurugika. Mmeelewa?"

Mama mwenye mbuzi akasimama. Nyuma yangu zizi moja lilikuwa limefurika, jingine lina beberu mmoja, waliobaki wako kwenye maharage ya shule.

"Tumeelewa, mwanangu," akasema. "Ila dalili hukutaja. Mlinzi akiharibika, kwanza hupanda kichuguu, halafu huanza kupigia vitunguu kelele."