Matuta ya Mama Watoto

Katikati ya miaka ya hamsini nilikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja Kileleshwa. Mke wangu alibaki nyumbani, huko magharibi, akilima mahindi kwenye shamba letu la mteremkoni. Shamba lilikuwa kwa jina langu, ingawa mwaka mzima nilikanyaga udongo wake wiki mbili tu, wakati wa likizo.

Siku moja ikaja barua. Serikali ilikuwa ikiwalipa msaada wakulima wa kwetu waliochimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, na kupanda mahindi kwa njia mpya. Kwa kuwa mwenye shamba nilikuwa Nairobi, niliitwa kwenye ofisi ya kilimo mjini nitie sahihi. Nikavaa koti langu la Jumapili, nikashuka mjini kwa miguu nikijiona mkulima hodari.

Bwana Shamba alikuwa Mwafrika mwenzangu, mdogo kwangu kwa umri. Alinipa kiti, akafungua faili.

"Umechimba matuta mangapi?"

"Mengi," nikasema.

"Samadi uliweka kabla ya kupanda au baadaye?"

Nikakohoa. "Kabla, nadhani."

"Na mashimo yameachana kiasi gani?"

Nikatazama viatu vyangu. Karani aliyekuwa kando akaacha kupiga taipu.

"Aliyelima ni nani, ndugu yangu?" Bwana Shamba akauliza kwa upole.

"Ni mama watoto."

"Basi mlete."

Angeweza kunifukuza. Au angenisogezea tu karatasi nitie sahihi, nami ningezipokea zile pesa bila haya. Badala yake akaandika barua ya kumwezesha mke wangu kusafiri, maana siku zile za hali ya hatari mtu hakuingia Nairobi hivi hivi.

Alifika kwa gari moshi, mtoto mgongoni. Kesho yake tukaenda ofisini. Hakuwahi kuketi mbele ya meza ya serikali, lakini alijibu kama anayesimulia habari za jikoni kwake.

"Matuta ni kumi na manne. La kumi na tano lilibomoka, usiliandike. Samadi naweka kiganja kimoja kila shimo, kabla ya mbegu. Kutoka shimo hadi shimo ni nyayo zangu tatu. Zangu, si za huyu."

Karani alicheka, Bwana Shamba akacheka, hata mimi nikacheka, ingawa masikio yaliniwaka. Nikatia sahihi, kwa kuwa sheria ilitaka jina langu. Pesa, Bwana Shamba akaziweka mkononi mwa mke wangu.

"Asante, mama," akamwambia. "Kazi yako ni nzuri."

Sikuwahi kumwambia hivyo. Miaka yote ile nilikuwa nikimtumia sukari na kitambaa, nikidhani hapo nimemaliza.

Tulipita dukani kwa Mhindi akanunua majembe mawili. Nikadhani la pili ni la dada yake.

"Ni lako, baba watoto," akasema. "La likizo."

Likizo hiyo nililima naye kila siku, malengelenge yakanitoka viganjani. Jioni aliyapaka mafuta taratibu, akinieleza shamba letu kona kwa kona, nami nikimsikiliza.