Mgeni Aliyenyimwa Mwiko

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, niliposhuka kutoka mtaani kwetu Mwanga hadi Kibirizi, kwenye maboti ya ziwani, nusu natembea nusu nakimbia, kanga imenilegea kiunoni, nikimtafuta mgeni aliyetutoroka. Watu hutoroka jela, wengine hutoroka wake zao. Huyu alitoroka chakula. Weka hiyo simu chini kwanza, mimi sisimulii kisogo cha mtu.

Ilikuwa miaka ile watu wa Burundi walipokuwa wakivuka kuja kwetu, wengine kwa maboti, wengine kwa miguu kupitia milimani. Kanisani wakatuomba: mwenye chumba amchukue mama mwenye mtoto mchanga, mpaka yapatikane malori ya kwenda kambini. Mimi nilikuwa nimeolewa karibuni, nakaa na mama mkwe wangu, Mama Anastazia. Mume wangu alikuwa mtu wa reli, leo Tabora, kesho Dodoma, nyumbani tunamwona kama mwezi mwandamo. Siku hiyo mama mkwe akasimama mbele ya watu wote, akamnyooshea kidole binti mwembamba aliyekaa karibu na mlango na mtoto kifuani. "Yule nitamchukua mimi," akasema, na hakuna aliyethubutu kumtangulia.

Huyo ndiye Spesioza. Umri wake ulikuwa kama wangu. Mumewe hakuvuka naye. Hatukumwuliza, naye hakusema. Kiha chetu na Kirundi chao ni watoto wa tumbo moja, kwa hiyo tulielewana tangu siku ya kwanza. Nakuambia mapema usije ukadhani tatizo lilikuwa lugha. Tatizo lilikuwa masikio.

Mama mkwe alikuwa na moyo mkubwa na kichwa kigumu. Na Mungu, kwa sababu anazozijua mwenyewe, alimweka ukuta kwa ukuta na Bi Zuhura, mtu wa Ujiji wa asili, aliyekuwa akiuza viungo sokoni, naye moyo mkubwa, kichwa kigumu vilevile. Walipendana miaka yote, mmoja akienda kanisani na mwenzake akifunga Ramadhani, wakipelekeana sahani kila sikukuu. Lakini sijapata kuwasikia wakikubaliana jambo lolote, hata la kwamba mvua inanyesha.

Spesioza alikuwa hali. Anamega tonge, analitafuna kama anatafuna kitambaa, anashukuru, anasukuma sahani. Maziwa yakaanza kukauka. Mtoto wake, Desideri, akawa analia mpaka sauti inakatika. Baadaye akaacha kulia, na mtoto wa njaa akiacha kulia, hapo ndipo nyumba inaingiwa na hofu.

Basi wale mama wawili wakaanza. Mama mkwe alikuwa na maboga aliyoletewa na kaka zake wa Kalinzi, makubwa, ngozi kama ya kenge. Akalichemsha moja na maharage, akatia mawese. "Kula, mwanangu, hiki ndicho chakula cha mzazi." Spesioza akala kidogo, akashukuru. Bi Zuhura akasikia habari, akaja na kikapu chake. "Boga la kuchemsha na maharage? Anastazia, unamlisha mzazi au unamlisha ng'ombe?" Akapika la kwake kwa sukari, mdalasini, iliki na karafuu, nyumba nzima ikanukia kama kuna harusi. Akaongeza na uji wa pilipili manga, eti unaita maziwa. Spesioza akala kidogo, akashukuru, akatoka nje akatapika.

Mama mkwe akasema karafuu ndizo zimemtapisha. Bi Zuhura akasema ni mawese yaliyotangulia. Ikaja supu ya migebuka, samaki wa ziwani. Ikafuata chai ya tangawizi kali hata macho yanatoka machozi. Walibishana juu ya kichwa cha yule binti kama wachuuzi wanaogombea mteja, na mimi mkamwana nilipokea amri kutoka pande zote mbili: epua, bandika, punguza moto, ongeza. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwamo, aliyefungua mdomo akamwuliza mwenyewe.

Kanisani nao wakaleta mfuko wa nafaka bapa, nyepesi, rangi ya majani makavu. Wakasema ni oti, watu wa Ulaya hupikia uji. Mama mkwe akachota kiganjani, akanusa, akasema hizi ni pumba. Akauweka mfuko kando ya banda la kuku.

Sasa sikiliza hapa. Kila Spesioza alipoinuka kushika kitu, tulimkalisha. Akiokota ufagio, mama mkwe anaupokea. Akiinama kwenye jiko, anaambiwa, "Kaa, mama, pumzika. Mgeni wangu ashike masufuria, watu watanionaje?" Hata nepi za mtoto nilizifua mimi. Tulimweka mkekani kutwa nzima, tukijivuna moyoni kwamba tunajua kukirimu.

Ndipo asubuhi ile niliyokutajia tukaukuta mkeka umekunjwa vizuri, mwenyewe hayupo, mtoto hayupo. Mama mkwe akashika kichwa. "Amekwenda Kibirizi kutafuta boti ya kurudi kule," akasema. "Akirudi kule na mtoto katika hali ile, sitajisamehe. Kimbia."

Nikakimbia. Nilipofika, maboti ya usiku yalikuwa yamekwisha kushusha, wapagazi wanapandisha dagaa, wanawake wametandaza nyavu mchangani za kuanikia dagaa. Nilikuwa natazama majini, nahesabu vichwa ndani ya kila boti inayoondoka, na machozi yananichuruzika. Kumbe mtu mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Amechuchumaa katikati ya waanika dagaa, Desideri mgongoni, mikono imejaa magamba, anatandaza dagaa kwa vidole upesi upesi. Na shavuni ana kipande cha muhogo wa kuchoma. Anatafuna, mwanangu. Anatafuna kama mtu mwenye njaa.

Hofu yote ikageuka hasira. "Spesioza, umetuua. Mama anadhani umepanda boti."

"Nipande niende wapi?"

"Sasa umekimbia nini? Nani amekukosea pale nyumbani?"

"Hakuna aliyenikosea, dada," akasema, mikono haisimami. "Ndiyo maana nilishindwa kusema. Mtu akikutendea mema utamshtaki kwa nani?" Akachota dagaa wengine. "Kwetu nilikuwa na jiko langu. Naamka, nawasha moto, watu wanakula kwa sababu mimi nimeamka. Hapa hata maji ya kuoga naletewa. Nakaa pale mkekani sina la kufanya, nawaza ya kule tu. Chakula kinakuja, naona kama dawa."

Nikasogea nimshike mkono. Bibi mmoja mzee, mwenye nyavu zile, akaniambia bila kuinua uso, "Wewe binti, unanikanyagia dagaa."

"Shikamoo, bibi. Samahani. Huyu ni mgeni wetu."

"Marahaba. Sogeza mguu. Amekaa kwenu muda gani?"

"Wiki ya pili hii."

"Na hamjampa jembe?"

"Ni mgeni, bibi. Tena ni mzazi."

Hapo akaniangalia. Ah, lile jicho. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mnausema msemo huu kutwa na kucha, mnadhani ni wa wachoyo, wa kumfukuzia mtu. Jembe si la kumfukuza. Jembe ni la kumwambia, wewe nawe ni wa hapa, tunakuhitaji. Mtu asiyehitajika chakula hakimpiti kooni. Nyinyi mmemlaza kama maiti, halafu mnashangaa kwamba hali." Akarudi kwenye dagaa wake kama vile hakusema kitu. Mimi nikabaki nimesimama pale, mguu mmoja juu, natafuta pa kukanyaga.

Tukarudi nyumbani. Nilimweleza mama mkwe yote, na sikupunguza neno, maana nilikuwa nimechoka kukimbizwa. Akaanza kufoka. "Dagaa? Mgeni wangu anaanikia watu dagaa?" Kisha akaitazama mikono ya Spesioza, ile yenye magamba, akaketi kwenye kigoda. Mwishowe akaingia ndani, akatoka na boga moja na kisu, akaviweka mbele ya Spesioza.

"Haya," akasema. "Pika unachotaka." Alisema kwa sauti ya mtu anayetoa ng'ombe wake wa mwisho.

Spesioza akazunguka uani akitazama kuna nini. Akauona ule mfuko kando ya banda.

"Hiki nini, mama?"

"Chakula cha kuku."

"Kuku wanakula?"

"Wanachaguachagua."

Akatia punje mdomoni, akatafuna, akasema, "Hii ni nafaka, mama. Kuku wenu wanakula vizuri kuliko majirani." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akitania.

Akalipasua boga, akalichemsha, akaliponda na oti. Bi Zuhura alikuwa ameshafika, maana habari pale kwetu haina mlango. Spesioza akamwomba mdalasini, tangawizi na karafuu kidogo. Bi Zuhura akatoa, na papo hapo akaanza, "Sasa mdalasini utie mwisho, na sukari uiyeyushe kwa..." Mama mkwe akamshika mkono. "Zuhura, kaa." Na Bi Zuhura, ambaye hajapata kumtii mtu, akakaa. Walikaa pale wawili kwenye mkeka, mkeka uleule wa mgeni, wanapigana na ndimi zao zisiseme. Spesioza akatia mayai na mawese, mama mkwe akafumba macho. Akaumimina mseto ule kwenye sufuria, akafunika, akatia makaa chini na makaa juu ya mfuniko ili uive kama mkate. Makaa ya chini yalikuwa mengi mno. Mimi niliona, Bi Zuhura aliona, mama mkwe aliona. Hakuna aliyesema, na sijawahi kuona watu wazima wakiteseka namna ile.

Nitakudanganya nikisema ulikuwa mkate mtamu. Chini umeungua, katikati mbichi, oti zinakwama kwenye meno. Spesioza akaugeuza kwenye sinia, akautazama, akasema, "Umeungua." Kisha akacheka, akatukatia kila mtu kipande, wa kwanza mama mkwe kwa kuwa ni mkubwa, mimi wa mwisho kabla yake. Alipohakikisha kila mtu ana chake mkononi, ndipo akakaa akala. Akala kipande chake, akakwangua sufuria, akala na ukoko.

Maziwa hayakurudi siku ile, hizo ni hadithi za watu. Yalirudi polepole, kadiri alivyozidi kula, na alikula kila siku kwa kuwa kila siku alipika yeye, au tulipika naye. Desideri akaanza kulia tena, kwa nguvu, mpaka majirani wakalalamika, na mama mkwe akawajibu wamshukuru Mungu. Makaa ya chini alijifunza kuyapunguza. Oti zikaisha, kuku wakabaki na pumba za kweli. Lori lilipokuja, mama mkwe alimfungia sufuria ileile kwenye kitenge, na Bi Zuhura akamtilia viungo ndani, na hawakubishana njia nzima hadi kituoni. Baadaye tulisikia anapika uji wa watoto kule kambini, na kijana wake ameanza kutembea.

Sasa nisikilize, mjukuu wangu, maana nimesimulia kwa sababu. Nimekuja kwako tangu Pasaka kwa ajili ya huu mguu, na sikatai, umenitunza. Unanipa dawa kwa wakati, unanipikia laini. Lakini tangu nifike hujaniachia nimenye hata kitunguu. Nikiinuka, "Bibi kaa." Nikigusa kikombe, "Bibi niache nitaosha." Jana umenipokonya mchele niliokuwa nachagua, ukasema nina macho mabovu. Ni mabovu, ndiyo. Vidole vyangu vinaona. Halafu unawaambia wenzako kwamba bibi siku hizi hali, sijui ana nini. Hujaniuliza nina nini.

Nasaha yangu ni hii, na sitairudia maana nimechoka kurudia. Ukimkaribisha mtu, usimjaze tumbo ukamwacha mikono mitupu. Mwulize anataka nini kabla ya kumpikia, na akikujibu, nyamaza usikie. Mpe cha kufanya, hata kama atakifanya vibaya, hata kama ataunguza. Ukarimu wa kumkalisha mtu wakati wote ni kumzika akiwa anapumua. Na mkweo akija kesho, na wifi yako, na yeyote atakayebisha mlango huu akiwa amepoteza kwake, mwonyeshe kwanza maji yalipo na chumvi ilipo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe wageni, akupe na chakula cha kuwapa. Akupe uzee mrefu wenye mikono inayoshika, na karibu yako aweke watu watakaokuachia utumie mikono hiyo. Amina. Sasa nisaidie niinuke, nipishe jikoni.