Tanga au Dar: Nilivyokwenda Pemba Kumlea Mzazi

Kibosho. Binti yangu Juliana alijifungua Pemba, kwao mumewe, na huku kwetu mlimani mzazi wa kwanza hulelewa na mama yake. Mama ndiye anayempikia mtori wa ndizi na nyama, anayemkanda, anayembeba mtoto ili mzazi alale. Aliponipigia simu sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama, maziwa hayatoshi. Mtoto analia mpaka anachoka. Utakuja lini?" Nikamwambia naja. Kisha nikapoteza siku nzima nikibishana na baba yake kuhusu bandari.

Ukweli ni kwamba naogopa maji. Maji niliyoyazoea ni ya mfereji unaopita kwenye kihamba chetu, shamba la migomba la nyumbani, na hata huo nauruka nikiwa nimeshika mgomba. Mume wangu, Apolinari, alikuwa ameulizia mjini Moshi. "Pandia Tanga," aliniambia. "Pemba iko pale mbele yake. Ukiwahi meli ya wiki hii, ni kipande kimoja cha bahari, umefika."

Nikakataa. Mtu wa Kibosho akitaka kwenda Machame hakati moja kwa moja. Anawaona wenzake ng'ambo, hata moshi wa jiko lao anauona, lakini katikati kuna makorongo. Anateremka mpaka barabara ya lami, anaifuata mpaka njia panda yao, anapanda tena. Ni mbali, lakini anafika na viatu visafi. Kwa hiyo niliamua kupitia Dar es Salaam: meli kubwa mpaka Unguja, halafu nyingine mpaka Pemba.

"Bahari si korongo, Mama Juliana," alisema Apolinari.

"Wewe umewahi kuivuka?"

Hakuwahi. Nikaona nimeshinda. Alinikatia mkungu wa mshare, ndizi za mtori, zikiwa mbichi kabisa, nikazifunga kwenye gunia pamoja na mwiko wangu.

Segera. Hapa ndipo barabara ya kutoka kwetu inapogawanyika, kushoto Tanga, kulia Dar. Basi lilisimama tukanunua machungwa. Niliitazama ile njia ya Tanga nikaiona fupi mno kwa mtu mwenye hofu kama yangu. Nikarudi kwenye kiti changu.

Dar es Salaam, asubuhi. Meli ilikuwa kubwa kuliko kanisa letu. Nilikaa chini, katikati, mbali na madirisha, gunia kati ya miguu. Ilitikisika kidogo tu, na kabla sijamaliza rozari watu walikuwa wanasimama kushuka. Pale Unguja nilimpigia Apolinari simu nikamsimanga hadharani. Alicheka, akaniuliza meli ya Pemba inaondoka saa ngapi.

Haikuondoka. Upepo ulikuwa umechafuka na vyombo vimezuiwa. Kijana wa tiketi alinieleza kwa upole kwamba mpaka Nungwi, kwenye ncha ya Unguja, kisiwa kinaikinga meli, lakini ukishaipita Nungwi ni bahari tupu mpaka Pemba, na hapo ndipo panapotikisa. "Hapo hapana njia ya kuzunguka?" nilimuuliza. Aliniangalia kama niliyeomba apande parachichi baharini. "Hapana, mama. Wote tunapita hapohapo."

Nikakaa nyumba ya wageni nikisubiri. Kila nilipofungua gunia, ndizi zilikuwa zimeanza kupauka, kisha rangi ya njano ikatokea kwenye ncha. Juliana alipiga tena, na nyuma yake nikasikia mtoto akilia. Nilimwambia upepo utatulia. Nilipokata simu nililia na mimi. Nilikuwa nimemkimbia Apolinari na Tanga yake, na sasa mjukuu wangu alikuwa na njaa kwa sababu bibi yake anaogopa kutapika.

Nungwi. Hatimaye tuliruhusiwa. Tulipoipita ile ncha ya kisiwa, meli iliinama, ikainuka, ikainama tena. Nilitapika mpaka nikabaki na uchungu mtupu. Mama mmoja aliyekaa jirani yangu alinishika kiuno kwa mkono mmoja na kwa mwingine akanishikia mfuko, wala hatukuwa tumesalimiana. Korongo nililolizunguka kwa safari yote hiyo lilikuwa hapo likinisubiri.

Mkoani, Pemba. Mkwe wangu Hamad alinipokea bandarini, akabeba gunia lililokwisha kulowa. Njiani, bila nia mbaya, alisema meli ya Tanga ilifika salama siku ileile niliyolala Dar, kabla ya upepo.

Nyumbani nilimkumbatia Juliana nikamwona amekonda. Nikafungua gunia mbele ya mama mkwe wake, Bi Raya. Ndizi zote zilikuwa mbivu. "Nisamehe mwanangu," nilisema. "Nimekuletea za kutengenezea pombe." Nikauma ulimi, maana hiyo si nyumba ya kutaja mbege.

Bi Raya aliziba mdomo na mtandio akicheka. "Njoo mkwe, njoo uone."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Migomba! Imejaa mpaka ukutani, mikungu mibichi inaning'inia. Mimi mtu wa mlimani nilijua kisiwa ni mchanga na samaki, nikabeba gunia la ndizi nikalipeleka palipojaa ndizi.

"Ndizi tunazo," alisema Bi Raya. "Nimejaribu mtori kwa maelekezo ya Juliana, lakini mwenyewe hali. Asema sivyo. Tukawa twakungoja wewe."

Nilipika mtori siku ileile kwa ndizi zake na mwiko wangu. Zile mbivu alizitia nazi, tukala wote. Juliana alimaliza bakuli huku machozi yakimtoka, akalala. Mtoto nilikaa naye mimi. Baada ya siku chache maziwa yalijaa. Sijui kama ni mtori au ni usingizi, na sikuuliza.

Kurudi. Nilipokwisha kumlea, Juliana aliniuliza nitapitia wapi. "Tanga ndiko nitakakoshukia," nilimwambia. "Si unaogopa, mama?" Nikamwambia naogopa vilevile. Nikapanda, nikatapika, nikafika. Apolinari alikuwa amenifuata mpaka bandarini Tanga. Nilimngoja aseme neno lake la ushindi. Akachukua mkoba, akauliza kama mtoto ananyonya. Nikamwambia ananyonya sana.

Majirani huku Kibosho sasa huja kuniuliza bandari ipi haina mawimbi. Ndilo swali nililoondoka nalo mimi. Lakini binti yangu aliniuliza nitafika lini, na hilo sikulijibu. Mwiko nimeuacha kwa Bi Raya. Juliana akijifungua tena, pale Segera nitakata kushoto.