Ng'ombe Wasio na Maziwa

Mama yangu, Raheli wa Ihanja, hakuwa mtu wa mambo mengi. Akishika jambo moja ameshika, na ukimletea jingine anakutazama tu mpaka uone haya. Namshukuru Mungu kwa ukaidi ule, ingawa wakati ule ulinitoa machozi.

Baba alichukuliwa kwenda kupigana vita vya Mwingereza, hakurudi. Shamba letu lilikuwa limechoka, uwele unatoka mwembamba, na ng'ombe wa kutupatia samadi hatuna. Baba mdogo Alute akaja kutoka Manyoni akasema, kwa upole kabisa, "Shemeji, mavuno yajayo yakiwa kama haya, nitamchukua Selina nikamlee. Mtoto hawezi kulala njaa."

Selina ndiye mimi.

Mama hakubishana. Kesho yake alikwenda kwa Mzee Mughwai, aliyekuwa na ng'ombe wengi kuliko nafasi ya kuwalaza. Akamwamkia, akaomba ng'ombe wa kutunza, kama ilivyo desturi yetu. Mzee akamwonyesha jike lenye ndama. "Watoto wapate maziwa."

"Ahsante, baba. Lakini naomba wale maksai."

"Maksai? Utawakamua nini, mwanangu?"

"Samadi."

Mzee akampa maksai wake, na Ihanja nzima ikacheka. Mimi nilinuna. Tulichunga kundi zima, na bado tukala ugali kwa mlenda mtupu huku wenzetu wakijilamba mtindi. Mke wa Mughwai akatuonea huruma, akatuma neno kwamba maksai warudishwe, jike la maziwa bado lipo. Nilimng'ang'ania mama nguo nikimsihi akubali.

"Maziwa utakunywa," aliniambia, "na Manyoni utakwenda vilevile. Mimi nataka ukae."

Basi tukaendelea. Zizi letu la miiba halikutulia mahali pamoja. Kona moja ya shamba ikishiba samadi, mama anaburuta miiba hadi kona inayofuata, mikono imechanika, anaimba nyimbo za kanisani. Alikuwa na sauti mbaya kweli, Mungu amrehemu. Kiangazi kilipokwisha hapakuwa na kipande ambacho maksai hawakukilalia.

Mvua zikanyesha. Uwele ukasimama mnene, sisi watoto tukawa tunapotelea humo tukifukuza ndege.

Baba mdogo alirudi tulipomaliza kupura. Mama akampeleka kwenye kihenge, akakifunua. Alute akatumbukiza mkono mpaka begani, akapapasa huku na huku, akakuta uwele tu. Akautoa mkono, akajipangusa vumbi, akacheka kwa furaha, maana hakuwa mtu mbaya.

"Shemeji, nimeshukuru," akasema. "Laiti kaka angeona."

Mama, ambaye sikuwahi kumwona akilia tangu habari za baba zilipofika, alilia palepale.

Asubuhi nilimsindikiza baba mdogo hadi barabarani, nimembebea kifurushi chake. Akakipokea, akaenda zake Manyoni peke yake. Nami nikarudi nyumbani kwa mama.