Sahihi Yangu Kwenye Kivuko cha Magogo

Siku ya kwanza kazini, Ofisa Misitu wa Wilaya alinikabidhi pikipiki, futi ya kamba, kipima mteremko na kitabu cha fomu. Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kawajense, nikiwa mgeni hata sokoni. Aliniambia kazi yangu si miti. Wa kuhesabu miti walikuwepo. Mimi nilikuwa mkaguzi wa barabara zinazoingia maeneo ya uvunaji, pamoja na njia za kuburuzia magogo, ili udongo usiishie mtoni.

"Binti," alisema, "usikague ukiwa juu ya pikipiki. Shuka, tembea."

Nikajifunza. Barabara ya mteremko inahitaji michepuo, yaani mifereji midogo ya kutoa maji pembeni kabla hayajapata nguvu. Kando ya kijito huachwa ukanda wa miti usioguswa. Penye maji lazima pawe na kalavati au daraja. Kulaza magogo kijitoni na kuyafunika kwa udongo ni marufuku, kwa sababu mvua ikija maji hujikusanya nyuma yake kama bwawa, kisha huondoka na kila kitu.

Haya niliyajua vizuri siku nilipokuta kivuko cha aina hiyohiyo, mbali kupita kijiji cha Kasokola, msituni kabisa. Meneja wa kambi ya uvunaji alikuwa amesimama juu yake. Watu wake wa misumeno walikaa pembeni. Simu haikushika mtandao. Nilimwambia ayaondoe magogo. Hakubisha wala kupandisha sauti. Aliniuliza ninakaa wapi. Kabla sijajibu akajijibu mwenyewe: Kawajense, nyumba ya geti la bluu.

"Dada, msitu huu ni mkubwa," akasema, "na wewe unapita peke yako. Weka sahihi, uende nyumbani."

Niliogopa. Sikushuka hata kupima. Niliandika kwamba kivuko kinafaa, nikaweka sahihi, nikampa nakala, nikaondoka bila kutazama nyuma. Ofisini sikusema neno.

Mvua zilipoanza nilikosa raha. Wingu likijikusanya upande ule, chakula kilinishinda. Mchana mmoja ikaja habari kwamba lori la magogo limezama pale. Nilimkuta dereva, Nyandwi, mtu wa zile familia zilizotoka Burundi zamani, amelazwa juu ya turubai, mguu umepondwa na gogo. Kivuko hakikuwepo tena. Lilibaki shimo pana la maji mekundu. Huko chini mpunga wa watu ulikuwa umefunikwa na tope.

Nilikwenda kwa Ofisa Misitu nikamweleza yote. Alivua miwani, akaifuta taratibu mpaka nikatamani anifukuze. Kisha akaniagiza niandike mambo kama yalivyokuwa, na kosa langu liwe la kwanza. Niliandika. Nilipewa onyo kali, uvunaji ukasimamishwa, kambi ikavunjwa.

Hospitali ndiko kulikokuwa kugumu zaidi. Nilimwambia Nyandwi kwamba aliyepitisha kivuko kile ni mimi.

"Najua, dada," alisema. "Siku ile maji yalikuwa yameshafika juu, nikataka kurudi. Meneja akanionyesha karatasi yako. Ndiyo nikapita."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Baada ya hapo nilikagua barabara za misitu miaka mingi, mpaka kule Mpimbwe. Msidhani nilikuwa jasiri. Niliwahi kufuatwa na gari nisilolijua. Niliwahi kukuta mti umeangushwa kwenye njia yangu ya kurudia, na hakuna mtu karibu. Niliomba tuwe tunakwenda wawili wawili, ofisi ikakubali. Bado niliogopa, ila nilishuka, nikapima, nikaandika kipimo kilivyo hata mwandiko ulipopinda.

Sasa nimestaafu, ninakaa Nsemulwa. Nyie mnaoshika kazi hii leo mna simu za kupiga picha na ramani za satelaiti, na mtaambiwa kwamba hofu huisha kwa mazoea. Yangu haikuisha. Mvua kubwa ikinyesha mchana natoka kukaa barazani, nikikumbuka vivuko nilivyovipitisha, kimoja kimoja, mpaka inyamaze.

Nyandwi anatembea kwa mkongojo. Tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri, ananiuliza habari za nyumbani, nami namuuliza za kwake. Halafu nabaki nimesimama, nikisubiri aseme neno kuhusu sahihi yangu. Hajalisema bado.