Ratili Sitini na Mbili

Leland Sobotka alikuwa na tabia moja ambayo watu wa Bellwater walikwisha izoea: hakuweza kumtazama mtu mnene akila. Ukimkuta mkahawani, na meza ya pili kuna jitu la watu linashughulikia nyama yake, utamwona anageuza kiti akatazama ukuta. Wakamcheka, wakasema uzee. Uzee wapi? Alikuwa na miaka hamsini na nane, meno yake yote yamo kinywani, na kazi aliyoifanya miaka thelathini katika chuo cha mji huo ilikuwa kufundisha watu wanene.

Maana mpira wa Nebraska, ule wa yai la ngozi, una wanaume watano wanaosimama mbele kama boma. Wa katikati huupitisha mpira nyuma kati ya miguu yake, kisha wote watano wanazuia wapinzani wasimfikie mrushaji. Hakuna anayewashangilia. Na kila kijiwe kina ubishi wake: boma zuri ni la mawe makubwa au la fundi anayejua kupanga? Leland alikuwa upande wa fundi. "Miguu na mikono," aliwaambia vijana wake. "Tumbo halimzuii mtu. Tumbo linachelewa kuanguka, basi." Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi, sisi tungesema.

Imani hiyo hakuzaliwa nayo. Aliipata kwa kumzika mtu, na hapa nitasema jambo ambalo yeye mwenyewe hakulisema kwa miaka kumi na moja.

Jikoni pa chuo, juu ya sufuria za uji wa shayiri, palikuwa na ubao mdogo wa mbao. Kocha akitaka mchezaji aongezwe uzito, huandika jina lake pale kwa chaki, na mpakuaji akiliona humpa sahani mbili, hataki anataka. Miaka kumi na moja nyuma Leland aliandika Dwight Kucera. Kijana wa mjini hapo hapo, mwepesi, mcheza polka hodari, ile ngoma ya kurukaruka katika harusi za Wacheki, miguu yake unaweza kuitazama kutwa. Alikuja na ratili mia mbili arobaini na nane, kama kilo mia na kumi na mbili. Leland akamng'ang'ania: ongeza, ongeza, wenzako wana mia tatu. Agosti iliyofuata Dwight alikuwa na mia tatu na kumi, na ile miguu ilikuwa imekwisha kufa kabla yake. Siku ya tatu ya mazoezi, jua la saa tano, alipiga magoti kama anayefunga kamba za viatu, na hakuinuka tena. Daktari alisema moyo na joto. Kanisani walisema Mungu ndiye ajuaye. Jeneza lilihitaji wanaume wanane badala ya sita, na Leland alikuwa mmoja wao.

Mpakuaji aliyekuwa jikoni mwaka ule ni huyu huyu aliyeko leo, Verna Kucera, mama yake Dwight. Alirudi kazini baada ya wiki mbili. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, humwuliza Leland mayai mangapi, na Leland humwambia mawili. Hawajawahi kusemeshana zaidi ya hapo.

Sasa mwaka huu ndipo alipokuja kocha mkuu mpya, Pruitt, mtu wa Texas, mchangamfu, mwenye mkono wa kumpiga kila mtu begani.

"Mzee wangu," alimwambia Leland mwezi wa Julai, "huyu Nolan wako wa katikati ni ufito."

"Ana ratili mia mbili arobaini na tatu."

"Si ndiyo nasema, ufito. Mimi nataka mia tatu. Tarehe ishirini Agosti tutapima. Hajafika, ufadhili wake wa masomo nampa mwingine."

"Mwone kwanza anavyocheza."

"Nimwone, kwani nakataa?"

Wakaenda uwanjani. Nolan Bruening, mtoto wa mkulima, wa kwanza kwao kutia mguu chuoni, akawekwa mbele ya Garrett Ohlmann mwenye ratili mia tatu arobaini na moja. Garrett akaja kama zizi lililong'oka. Nolan akapiga hatua moja fupi ya kushoto, akapitisha kiganja chini ya kwapa la mwenzake, akazungusha nyonga. Garrett akapita mzima mzima, akalala kwenye nyasi.

"Hebu niambieni," Garrett alisema kutoka huko chini, "nimeangushwa na nani? Maana mimi sijagusa mtu."

"Umeangushwa na kijana wa ukubwa wa kifungua kinywa chako," mwenzake akamjibu.

"Huyu si binadamu. Huyu ni utelezi."

Pruitt alicheka kuliko wote, kisha akampiga Leland begani. "Safi sana. Sasa mlishe."

Na Leland akaenda jikoni, akachukua chaki, akaandika Nolan. Msimtafutie udhuru, mimi simtafutii. Aliiogopea kazi yake. Alijiambia atamsimamia, atamkomesha kwenye mia mbili na themanini, safari hii ataangalia. Verna alikuwa akikoroga uji. Alilitazama lile jina, akamtazama Leland, kisha akaendelea kukoroga.

Asubuhi iliyofuata ndipo mzani ulipoanza mambo yake.

Mzani wenyewe ulinunuliwa mnadani, wa kupimia ndama, kwa kuwa mizani ya watu huishia ratili mia tatu. Ni jukwaa la mbao pana kama mlango, na uso wa saa wenye mshale mmoja. Ulikaa katika chumba cha vifaa, pua na mdomo na ukumbi wa chakula. Leland hufika wa kwanza, saa kumi na mbili na nusu, jua limekwisha toka. Siku hiyo aliingia, akaning'iniza kofia, akageuka. Juu ya jukwaa hapana kitu. Mshale umesimama kwenye sitini na mbili.

Akaugonga kioo. Mshale ukatikisika, ukarudi pale pale.

Hakuhitaji kalamu kufanya hesabu hiyo. Toa mia mbili arobaini na nane katika mia tatu na kumi. Ni ratili alizomtia Dwight Kucera kwa chaki, sahani kwa sahani. Vijana walipoingia kwa kelele zao, mshale ukateremka taratibu mpaka sifuri, kama mtu anayeshuka kwa adabu kupisha wakubwa. Wakapimwa wote, kila mmoja na uzito wake sahihi.

Kesho yake, sitini na mbili. Keshokutwa, vile vile. Akamwita fundi wa mnadani; fundi akaufungua, akatia mafuta, akapandisha vyuma vya kupimia kimoja kimoja.

"Mzima huu," fundi alisema. "Mzima kuliko mimi na wewe."

"Asubuhi unasoma na hakuna mtu."

"Basi kuna mtu," fundi akasema, akacheka, akafunga sanduku lake.

Ikafika siku ya sita au ya saba akasikia mbao. Alikuwa amelipa mgongo jukwaa, anapanga taulo, ubao ukalia nyuma yake. Ukanyamaza. Ukalia tena upande wa pili. Aliujua mlio ule vizuri, maana ameusikia miaka thelathini: ni mlio wa mtu aliyechoka kusimama anahamisha uzito toka mguu huu kwenda huu. Akaendelea kukunja taulo zile zile tatu, anazikunja anazikunjua, wala hakuthubutu kugeuka.

Nolan naye anakula. Maandazi ya Kicheki, soseji, mayai sita, viazi, sahani ya kwanza na ya pili, macho yakimtoka. Halafu huenda nyuma ya chumba cha vifaa akatapika. Wiki tatu, na mzani haukumpa zaidi ya ratili moja, ambayo kesho yake ilipotea.

"Kocha, chakula hakikai," alimwambia Leland. "Nala mpaka napata kizunguzungu. Nikikosa ule ufadhili, mimi ndiyo basi. Baba ameshaniambia."

"Pumzika leo."

"Sasa nikipumzika nitafikaje?"

Leland alitaka kumwambia futa jina lako, nenda kalale. Badala yake akamwambia anywe maji.

Tarehe ishirini walijaa chumba kizima, vifua wazi. Mlango wa kwenda ukumbini ulikuwa wazi pia, harufu ya nyama ya nguruwe inaingia. Pruitt alisimama mbele ya uso wa mzani, asome mwenyewe. Garrett akapanda: mia tatu arobaini na moja. "Na hiyo sijavaa soksi," akasema, watu wakacheka. Kisha akaitwa Nolan. Alipanda kama anayepanda kizimbani, macho chini.

Mshale ukapita mia mbili arobaini na tatu, ukaendelea. Ukasimama kwenye mia tatu na tano.

Mbavu za Nolan kila mtu anaziona.

"Mia tatu na tano!" Pruitt akapiga makofi. "Mnaona? Mzee wangu, si nilikwambia? Huyu mwembamba ameweza, hakuna wa kuniambia hawezi. Kuanzia leo boma zima liko kwenye ubao. Wote. Nataka mia tatu na thelathini kila mtu kabla ya theluji."

Nolan hakufurahi. Alikuwa amekwisha kuwa mweupe kama unga. "Kocha Sobotka," alisema kwa sauti ndogo, "kuna mtu ameniegemea."

Jamani, njia ilikuwa wazi. Leland angenyamaza tu. Kijana amepita, ufadhili wake umepona, aliyempa zawadi ile hadai chochote. Lakini alitazama wale wengine wa boma na akiba zao, kumi na wawili, wananong'onezana wataanzaje kula, na mmoja wao, mcheza polka au si mcheza polka, atapiga magoti Agosti ijayo. Mficha maradhi, kilio humfichua. Chake kilikuwa kimekwisha lia miaka kumi na moja.

"Shuka, Nolan," akasema.

Nolan akashuka. Mshale ukarudi mpaka sitini na mbili, ukakaa. Mbao tupu. Garrett aliyekuwa karibu akarudi nyuma hatua mbili, akamkanyaga mwenzake, wala hakuomba radhi.

"Mzani umeharibika," Pruitt alisema.

"Haujaharibika. Hizo ni ratili za Dwight Kucera." Akawageukia vijana. "Alikuwa na miguu mizuri kuliko wote niliowafundisha. Mimi niliona haitoshi, nikamwandika ubaoni. Nilimtia ratili sitini na mbili, zikamwua. Si jua. Ni mimi. Na huyu mtoto ana mia mbili arobaini na tatu, na nimemwandika pia."

Hapo ndipo alipoona kwamba Verna yuko mlangoni na kijiko cha kupakulia mkononi. Hakujua amefika saa ngapi. Alikuwa mwanamke mfupi, na wale vijana wakubwa wakampisha mmoja mmoja mpaka akafika mbele ya jukwaa. Aliutazama mshale muda mrefu.

"Verna," Leland alisema. "Ningekuja kwako. Kila mwaka nilisema nitakuja."

"Ungekuja uniambie nini? Kwamba uliandika? Nilikuona ukiandika." Hakupandisha sauti. "Wewe uliandika, Leland. Nani alimpakulia? Alikuwa ananiambia, Mama, nimeshiba. Mimi namwambia, mtii kocha wako, mwanangu, kula. Nikisimama pale pale mpaka amalize."

Pruitt alifungua kinywa, Verna akamtangulia.

"Na wewe mgeni, nisikilize. Ule ubao nitauchoma leo. Kwangu kila mtu atapata sahani moja. Ukitaka kumtia mtu ya pili, uje uipakue mwenyewe, usimame ukimtazama machoni."

Pruitt alimtazama Verna, kisha wachezaji wake. Hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye. Wote walikuwa wakitazama zile mbao tupu. Akashika kofia yake, akaivaa, akaivua.

"Kijana atabaki," akasema mwishowe, akatoka.

Verna akaweka kiganja juu ya jukwaa, pale ambapo ungesimama mguu wa mtu, akakiacha hapo. Mshale haukutikisika.

"Ratili zake hazijapungua," akasema.

"Hapana," Leland akamjibu, akapiga magoti kando yake.